Wazee wa miaka 60 kwenda juu wameomba kujiunga na jogging yetu: ratiba ya kutembea na mazoezi mepesi iweje?

Kocha_Temeke

Habari za Jumapili wakuu.

Kikundi chetu cha jogging ni cha vijana, ila wazee wa mtaa wameomba nao watengewe siku zao. Wako 14, umri ni kati ya miaka 60 na 78, wengi wao akina mama. Tisa wanatumia dawa za presha, wanne wana sukari (baadhi wana vyote viwili), na karibu nusu wanalalamikia magoti. Bibi mmoja anatembelea fimbo. Mahali tulipo kuna uwanja wa shule ya msingi wenye udongo mgumu na miti upande mmoja, viti vya plastiki vya kuazima, na barabara ya mtaa ambayo haina njia ya waenda kwa miguu: kuna mtaro wazi upande mmoja na bodaboda kila upande.

Naomba mnisaidie mambo haya: nawapimaje kabla ya kuanza, watembee kiasi gani (zile hatua 10,000 ni lazima?), zaidi ya kutembea wafanye nini, na kipi nikikataze kabisa. Vifaa hatuna na hela ya kununua haipo.

---

Fizio_Mwanza

Mkuu, anza na kiti kabla ya barabara. Chukua kiti chenye kimo cha kama sentimita 43 kutoka chini hadi pa kukalia, ukiegemeze ukutani. Viti vya plastiki ni vyepesi na miguu yake hutanuka mtu akikaa kwa kishindo, kwa hiyo bila ukuta nyuma yake usithubutu. Mzee akae katikati ya kiti, mikono aikunje kifuani, kisha asimame wima kabisa na kukaa tena mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Akisukuma kwa mikono, matokeo ni sifuri, na hiyo nayo ni taarifa.

Kwa miaka 60 hadi 64, mwanamume anayefikisha chini ya 14 na mwanamke chini ya 12 wako nyuma ya wenzao. Miaka 65 hadi 69 ni 12 na 11. Miaka 70 hadi 74 ni 12 na 10, na 75 hadi 79 ni 11 na 10. Aliye chini ya hapo ana miguu dhaifu na yuko karibu zaidi na kuanguka, hata kama anakwambia kila siku anakwenda sokoni kwa miguu.

Kisha balansi. Asimame karibu na ukuta, macho wazi, bila kushika kitu. Kwanza miguu ikiwa pamoja, halafu mguu mmoja usogee mbele nusu hatua, halafu kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine kwenye mstari mmoja, mwisho mguu mmoja juu. Sekunde 10 kila mkao, na wewe simama ubavuni kwake, siyo mbele. Asiyefikisha sekunde 10 kwenye ule mkao wa kisigino na vidole yuko kwenye hatari ya kuanguka. Huyo hatembei kwenye barabara uliyoieleza mpaka miguu ipate nguvu.

Mwisho pima mita 4 chini na umtake atembee mwendo wake wa kawaida, akianza hatua mbili nyuma ya mstari. Akitumia sekunde 5 au zaidi, mwendo wake ni wa polepole kuliko inavyotakiwa. Andika namba zote kwenye daftari na urudie baada ya wiki 8. Wazee wengi hawaoni mabadiliko kwenye mizani ya uzito, lakini wanayaona hapa.

Sasa zaidi ya kutembea. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea: wanatembea, wanatembea, basi. Kutembea kunasaidia moyo, mapafu, presha na sukari, lakini hakujengi vya kutosha msuli wa paja na makalio, ambao ndio unaomwinua mtu kitini, chooni na kwenye daladala. Msuli huo hupungua kadiri umri unavyokwenda, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na mazoezi ya kuchanganya balansi na nguvu angalau siku 3. Hizo siku zinaweza kuwa zile zile, kwa hiyo siku tatu za kikundi zinatosha kubeba yote.

Kila siku ya kikundi fanyeni haya baada ya kupasha mwili dakika 5. Kusimama na kukaa kitini mara 8 hadi 10, polepole, hesabu mbili kupanda na tatu kushuka. Kushuka ndiko kunakojenga. Anayejitupa kitini amefanya nusu ya kazi. Kunyanyua visigino huku vidole vya mikono vikigusa ukuta, mara 10. Kupeleka mguu mmoja pembeni bila kuinamisha kiwiliwili, mara 8 kila upande. Kusukuma ukuta kwa mikono, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, mara 8. Kuvuta tyubu ya baiskeli: nenda kwa fundi, mwombe zile zilizotoboka mara nyingi, kata sehemu ya pampu, osha, izungushie kwenye mti na wavute kuelekea kiunoni wakibana mabega nyuma. Kagua nyufa kila siku, maana ikikatika inapiga usoni. Zote hizo ni seti moja wiki mbili za kwanza, kisha seti mbili na mapumziko ya dakika moja katikati. Malizia na kutembea kisigino kwa vidole kandokando ya ukuta, hatua 10 kwenda na 10 kurudi.

Mzee akiweza 12 za kitini bila kuhema, usimwongezee idadi tu. Mpe mzigo: chupa ya maji ya lita moja na nusu aikumbatie kifuani, hiyo ni kilo moja na nusu. Mwili hauna sababu ya kujenga msuli kwa kazi ulioizoea.

---

Dada_wa_Kliniki

Naongezea upande wa dawa, maana kwa presha tisa na sukari wanne hapo ndipo penye ajali.

Kabla ya siku ya kwanza kila mmoja apite kliniki yake na kuwaambia anachotaka kuanza. Aliyewahi kupata maumivu ya kifua, kiharusi, kuzimia au moyo kushindwa kusukuma damu vizuri asianze bila ruhusa ya daktari. Njoo na mashine ya presha ya kufunga mkononi kama kuna mwanakikundi anayo. Mzee akae dakika 5 kimya, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, mpumzishe na upime tena; ikibaki hapo, leo hafanyi mazoezi, anakwenda kituo cha afya. Kama pamoja na hiyo kichwa kinauma sana, haoni vizuri au kifua kimebana, usisubiri kupima mara ya pili.

Pima pia akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huyo ndiye atakayeona giza akiinuka ghafla. Mara nyingi ni dawa za kukojoza au mchanganyiko wa dawa kadhaa. Asiache dawa kwa kuambiwa na kocha! Apelekee kliniki hizo namba, wao ndio watarekebisha.

Wanaotumia dawa ambazo jina lake linaishia na -lol, kama atenolol, bisoprolol na propranolol, mapigo yao ya moyo hayapandi kama ya wengine. Kwa hiyo zile hesabu za saa za mkononi za mapigo kwa umri hazifai kwao. Tumia maongezi: anaweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba, basi mwendo ni wa wastani. Akiweza kuimba kwaya nzima, aongeze. Akikata sentensi katikati, apunguze.

Kuna kosa moja dogo linalopandisha presha ghafla, nalo ni kubana pumzi wakati wa kuinuka au kusukuma. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, wote kwa pamoja. Anayehesabu hawezi kubana pumzi, na wewe kocha utamsikia aliyenyamaza.

Sukari: wanaotumia metformin peke yake ni nadra kushuka. Wenye glibenclamide au insulini ndio wa kuangalia, hasa asubuhi wakiwa wamemeza dawa na hawajala. Kama kuna kipimo (kinachosoma kwa mmol/L), chini ya 4 hafanyi, anatibiwa kwanza. Kati ya 4 na 5 ale kitu kidogo, kama ndizi moja, ndiyo aanze. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kuongea ovyo au kuwa mkali bila sababu. Weka mfukoni sukari: vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu hapa. Baada ya dakika 15 pima au angalia tena, na akipata nafuu lazima ale chakula, kwa sababu glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena akiwa nyumbani peke yake. Aliyelegea asiyeweza kumeza usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Wenye sukari wasitembee peku, hata kwenye nyasi. Miguu ikipoteza hisia, msumari unaingia na mtu anaendelea na safari. Kila mara kabla ya kuvaa waingize mkono ndani ya kiatu wapapase, na jioni waangalie nyayo kwa kioo au waombe mjukuu aangalie.

---

Mwendo_Mombasa

Salaam kocha. Wenzangu wamekupa kiti na dawa, mimi niongee njia yenyewe.

Hatua 10,000 waachie vijana. Namba hiyo ilitoka Japani mwaka 1965 na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa kwa jina lenye namba hiyo hiyo. Ilikuwa biashara kabla haijawa tiba. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wenye wastani wa miaka 72, ulikuta waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka zilipofika kama 7,500. Mzee anayeanzia 2,000 akifika 4,500 amevuna sehemu kubwa. Ukimwambia 10,000 siku ya kwanza atavunjika moyo au kisigino.

Dakika ni rahisi kuhesabu kuliko hatua. Wiki ya kwanza dakika 10, siku tatu au nne. Kila wiki ongeza 5, mpaka dakika 30 wiki ya tano. Ukishafika hapo ndipo uguse mwendo kasi, na usiongeze muda na kasi wiki moja. Wanaoumia ni wale wanaojisikia vizuri wiki ya pili: moyo na pumzi huzoea upesi, lakini kano za kisigino na unyayo huchelewa. Dalili ya kwanza ni maumivu chini ya kisigino kwenye hatua za mwanzo akishuka kitandani. Akikwambia hivyo, rudisha dakika nusu kwa wiki mbili, na asitembee na kandambili ndani ya nyumba.

Kupima kasi bila simu, hesabu hatua kwa sekunde 15. Zikiwa 25, hizo ni 100 kwa dakika, mwendo wa wastani kwa wengi. Mwenye miguu mifupi au magoti mabovu atafika jasho kabla ya hapo, basi kwake tumia ile ya kuongea aliyosema Dada.

Barabara yako iache. Zungusheni uwanja. Kwenye mzunguko, wa haraka atampita wa taratibu lakini wote mko nao machoni, na hakuna anayebaki nyuma akikazana kufukuzia. Weka kiti kila upande wa uwanja, na katikati ya muda geuzeni mwelekeo ili mguu wa ndani usiwe ule ule. Siku mkilazimika kupita barabarani, tembeeni mkono wa kulia mkitazama magari yanayokuja, mstari mmoja, nguo nyeupe.

Muda: joto la pwani na unyevu wake hauna huruma kwa mzee, hasa Disemba hadi Machi. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, saa 1 na nusu muwe mmemaliza, au jioni baada ya saa 11. Glasi moja ya maji kabla na kila mmoja aje na chupa yake. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga wahamie baada ya futari, mwendo mfupi.

Viatu: raba za mitumba zinafaa ukijua kuchagua. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama kuni, imezeeka, hata kama juu inang'aa. Kunja kiatu: kipinde penye vidole, kisipinde katikati. Kiweke mezani ukitazame nyuma, kikiegemea upande mmoja mwenye nacho wa kwanza alikwisha kukitengeneza kwa mguu wake, kiache. Wajaribu jioni wakati miguu imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Na mara moja kwa mwezi wapeleke Kigamboni ufukweni, mchanga unaimarisha vifundo.

---

Fizio_Mwanza

Mwendo_Mombasa nakubaliana nawe mpaka hapo kwenye ufukwe. Mchanga mkavu unazama, kifundo kinayumba, na anayeshindwa sekunde 10 za kisigino na vidole utamwokota. Waliofaulu vipimo sawa, lakini maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mbichi uliojishika, na viatu mguuni.

---

Mwendo_Mombasa

Sawa, nakubali kwa wasiofaulu. Ongeza hapo na mteremko wa ufuo: mguu wa upande wa bahari unakuwa chini muda wote, nyonga zinapinda. Kwa hiyo warudi kwa njia ile ile waliyoendea, wasimalize upande mmoja na kupanda gari.

---

Kocha_Temeke

Nimewaelewa sana wakuu, nimeshaanza kuchora daftari. Maswali matatu zaidi. Wenye magoti wanasema kusimama na kukaa ndiko kunakouma zaidi, je waache? Huyu bibi wa fimbo anaishika upande wa goti bovu, ni sawa? Na kuna mzee wa miaka 66, zamani askari, anataka akimbie na vijana.

---

Dada_wa_Kliniki

Mzee askari kwanza presha na kiti. Namba zake zikiwa nzuri na kliniki imeridhia, baada ya wiki 6 za kutembea achanganye: dakika 1 ya kukimbia polepole, dakika 3 za kutembea, mara 5. Mwisho atembee dakika 5, asisimame ghafla, kwa sababu damu hubaki miguuni na wenye dawa za presha huanguka hapo hapo baada ya kumaliza.

Wote waambie: kifua kubana, maumivu yanayopanda taya au mkono, jasho la baridi, pumzi kukata kuliko kawaida, ni kusimama na kwenda hospitali, hata kama yameisha. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, msilikande. Linaweza kuwa na damu iliyoganda. Lakini lile linalouma kila akifika umbali fulani na kuacha akisimama ni jambo jingine, ni mishipa ya damu kuziba, naye apimwe.

Jambo dogo la chakula. Wazee wengi chakula cha usiku ni chai na mkate, halafu tunashangaa msuli haujengeki. Lengo ni gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo wa kilo 60 anahitaji 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na dagaa wakavu wanabeba protini nyingi kwa bei ndogo. Aliyeambiwa figo zina shida asiongeze bila daktari, na aliyepunguziwa maji kwa ajili ya moyo asifuate ile glasi ya Mwendo_Mombasa, afuate kipimo alichopewa.

---

Fizio_Mwanza

Wasiache, wapandishe kiti. Weka matofali mawili yanayolingana chini ya benchi la mbao, siyo chini ya plastiki, au wakalie mto mgumu. Kadiri kiti kilivyo juu ndivyo goti linavyokunjika kidogo. Miguu iwe nyuma kidogo ya magoti na kifua kitangulie mbele kabla ya kuinuka, maana wengi wanainuka wima na mzigo wote unaangukia mbele ya goti. Kila wiki mbili shusha kimo kidogo.

Kanuni ya maumivu: mpe kipimo cha 0 hadi 10. Mpaka 3 au 4 anaendelea. Yakizidi hapo, au kesho yake wakati kama huo goti linauma kuliko lilivyokuwa kabla ya mazoezi, kiasi kilikuwa kikubwa. Punguza robo, usifute zoezi. Goti lililovimba, lenye joto, au linalokwama na kugoma kunyooka halichezewi, lipelekwe kuonwa.

Fimbo ni mkono wa pili, siyo upande wa goti bovu. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto, na inatua chini pamoja na mguu wa kulia. Akiishika upande mbovu mwili unalalia huko huko na goti linabeba zaidi. Urefu: asimame na viatu vyake, mikono ikining'inia, mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kiganja. Nyingi za kuchonga ni ndefu mno, bega linapanda juu. Kukata fundi seremala atamkatia dakika moja, lakini pimeni mara mbili, na mkumbuke kipira cha chini kinaongeza kimo. Kipira kikilika mpaka mistari yake ipotee, fimbo inateleza kwenye sakafu yenye maji; kama dukani hakuna, kata kipande cha tairi la pikipiki kilichobaki na meno, fundi viatu akigandishe kwa gundi na kukishona pembeni. Kwenye ngazi za shule: kupanda unatangulia mguu mzima, kushuka inatangulia fimbo na mguu mbovu.

---

Kocha_Temeke

Fundi viatu yupo jirani na uwanja, kesho nampitishia fimbo. Tunaanza vipimo Jumamosi saa 12 na nusu, nitaweka namba hapa baada ya wiki 8.